Kuku Aliyeatamia Ndani ya Ngoma

Wiki hii saa yangu ya ukutani ilisimama. Nilipoishusha na kufungua mgongo wake nikakuta betri imevuja na kutoa ule unga mweupe, na chumba changu cha kupanga kikajaa harufu ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa mdogo: harufu ya bati lililoshinda juani, yenye ukali kidogo unaofika kwenye ulimi kabla hujaonja chochote. Nilikaa kitandani na saa mapajani. Kama na wewe umekulia kijijini miaka ile ya betri za kuanika juani, nadhani ulimi wako umeshakumbuka.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kukaa kitandani. Siku chache kabla nilikuwa nimempigia baba simu kumwambia kwamba sitaendelea na ile kazi ya benki aliyowatangazia watu wote kanisani. Nimepata nafasi kwenye redio ya chuo kikuu, kazi ya kuzunguka vijijini kurekodi nyimbo na masimulizi. Baba alinyamaza. Halafu akasema, "Nimesikia," akakata. Baada ya hapo hakupiga tena, na kila nilipopiga mama alisema yuko shambani. Neno lile moja nimelirudia kichwani kwa sauti zote zinazowezekana: sauti ya hasira, ya huzuni, ya mtu ambaye simu imemchosha mkono tu. Ndipo harufu ya betri ikanirudisha nyumbani, kwenye majira mengine ambayo baba alinyamaza.

Kwetu ni magharibi ya Bariadi, njia ya kuelekea ziwani. Enzi hizo hata mkoa wetu haukuwepo. Bariadi ilikuwa mji wa wilaya tu, wenye vumbi na maghala ya pamba. Ushirika ulikuwa umebaki jengo lenye popo. Wanunuzi wa pamba walikuja kila mmoja na mzani wake na gari lake, na wakulima waliozoea kungoja sasa wakawa wanangojewa wao. Redio nazo zilifanya vivyo hivyo. Tulizoea redio moja ya taifa, ghafla zikawa nyingi, kila ukizungusha kitufe unamkuta mtu mwingine anacheka.

Kati ya hizo ilikuwepo moja ya chuo kikuu kule Mwanza. Sisi tuliiita redio ya chuo. Watangazaji wake walikuwa wanafunzi, na Jumapili mchana walikuwa na kipindi cha ngoma za Kanda ya Ziwa. Mtangazaji alisema Kiswahili, lakini nyimbo aliziacha kama zilivyo. Kabla ya hapo sikujua kwamba Kisukuma kinaweza kutoka ndani ya redio. Nilidhani ni lugha ya kuongelea nyumbani, kama vile kuna nguo za kuvaa nyumbani.

Shida ni kwamba mawimbi yake yalifika kwetu yameshachoka. Mahali pekee yaliposikika bila kukwaruza ni juu ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya zizi. Baba alipanda pale baada ya kanisa, akaiweka redio juu ya kigoda, akaunga waya wa antena kwenye tawi la mti wa miiba, na majirani wakaja na vigoda vyao. Betri zilikuwa kazi yangu. Tangu asubuhi nilizipanga juu ya bati la banda la kuku, na kabla ya kumpa baba nilizigusa moja moja kwa ncha ya ulimi kujua ipi bado ina uhai.

Mtangazaji alikuwa kijana wa Dar es Salaam, hilo hakuweza kulificha. Alipofika kwenye jina la kijiji linaloanza na ng'w, kichuguu kizima kilicheka.

"Mwacheni," alisema shangazi Minza, dada yake baba, ambaye nyumba yake ilipakana na yetu. "Mtoto wa watu amejing'ata ulimi, lakini amefika."

Sasa niseme habari ya baba na ngoma. Kwetu ngoma zina pande mbili, Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno pande hizo hukutana kwenye uwanja mmoja, kila upande na ngoma zake, na zinaanza kuimba kwa wakati mmoja. Hakuna jaji. Watazamaji wanaamua kwa miguu yao: upande unaovuta watu wengi ndio umeshinda. Anayetunga na kuongoza nyimbo anaitwa manju, na kazi yake kubwa ni kumsema manju wa upande wa pili mpaka watu wajishike mbavu. Baba alikuwa manju wa Bagalu. Kaka yake mama, mjomba Masanja wa Kiloleli, kijijini kwao mama, alikuwa manju wa Bagika. Nasikia baba alimwona mama mara ya kwanza akiwa amesimama upande wa adui, akizicheka nyimbo zake huku amejiziba mdomo kwa khanga.

Kisha yakatokea mashindano ambayo mimi niliyahudhuria nikiwa mgongoni, kwa hiyo nayajua kwa kusimuliwa tu. Mjomba aliimba vizuri mno siku ile. Watu walianza kuhama upande wa baba mmoja mmoja, halafu kwa makundi, mpaka baba akabaki anawaimbia watoto wachache na mbwa. Alirudi nyumbani, akailaza ngoma yake kubwa kwenye kona ya jiko, na hakuigusa tena. Akiulizwa, alijibu, "Pamba imekuwa nyingi." Ngozi ikapasuka. Panya wakaanza, kuku akamaliza: aliingia kwa ule upande uliopasuka, akaona ni pazuri, akataga. Mjomba alipokuja kututembelea alimkuta humo anaatamia. Alichuchumaa akamtazama muda mrefu, akasimama, akaomba maji ya kunywa.

Habari kwamba mjomba ataimba redioni zilikuja na mtu aliyetoka mnadani. Alisema vijana wawili wa chuo walifika Kiloleli na gari, wakamwekea mjomba kitu chenye sifongo mbele ya mdomo, na mjomba akaimba kama anataka kukila. Jumapili hiyo mama hakuvua nguo ya kanisa. Kichuguu kilijaa mpaka watu wengine wakakaa juu ya ukuta wa zizi.

"Sasa twende Kiloleli," alisema yule kijana, "kwa manju Masanja."

Mama alipiga kigelegele kabla mjomba hajafungua mdomo.

"Wifi, subiri kwanza," shangazi Minza alimwambia. "Tusikie kama ameimba au amekohoa."

Mjomba akaimba. Kwa Kiswahili wimbo wake ungekuwa hivi:

Shemeji niliyekupa dada yangu, uko wapi?
Uwanja umeota nyasi, nakuulizia kwa wapita njia.
Wananiambia ngoma yako imepata kazi nyingine,
ina kuku ndani, anaatamia,
na wewe umekaa mlangoni, unamlinda asisumbuliwe.

Kichuguu kililipuka. Kuna mzee aliyeanguka na kigoda chake. Na yule kuku mwenyewe wakati huo alikuwa jikoni, ndani ya ngoma, juu ya mayai yake. Asubuhi hiyo mimi ndiye niliyempelekea mtama. Wimbo ulipoisha kijana wa redio alisema kwa sauti ya kuridhika, "Naam, huyo ni manju Masanja na wimbo wake wa kuhamasisha ufugaji wa kuku." Watu wakaanza upya. Mama alicheka mpaka akapangusa machozi.

Mimi nilimtazama baba. Baba hakucheka. Aliitazama redio kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekaribishwa chakula halafu akasema jambo la ajabu. Kabla kipindi hakijaisha aliizima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatoa betri, akazitia mfukoni, akashuka kwenye kichuguu akaenda upande wa mashamba.

Watu walitawanyika wakiwa bado wanacheka. Shangazi Minza alibaki, akaweka mikono kiunoni.

"Wifi, funga mizigo," alimwambia mama. "Kaka yako ameitukana nyumba yetu mbele ya chuo kikuu. Sasa wewe urudi kwenu, na ng'ombe wetu warudi. Wote, na ndama wao."

"Warudi tu," mama alijibu. "Na mimi nitabeba sufuria zangu. Tutaona nani atamsongea kaka yako ugali. Wewe ugali wako hata mbwa anauzunguka kwanza."

"Utaacha na watoto. Watoto ni wetu."

"Chukueni. Huyu Kabula anakula kuliko fundi."

Wote wawili walisema hayo bila kutabasamu, mama anakunja mkeka, shangazi anaokota vigoda. Mtu mzima angejua. Wifi kwa wifi huongea hivyo kwetu tangu siku ya harusi mpaka siku ya mazishi. Lakini mimi nilikuwa na umri wa kuamini kila kinachosemwa kwa uso mkavu, na zaidi ya hapo nilikuwa nimeshaona kwa macho yangu. Mwaka uliotangulia mke wa jirani alirudishwa kwao. Ng'ombe walipita mbele ya mlango wetu wakiswagwa, na yeye nyuma na beseni kichwani, haangalii kushoto wala kulia.

Kwa hiyo nilianza kufikiri, na kufikiri kwangu hakujawahi kujua pa kusimama. Nilijua kwamba ng'ombe waliotoka kwetu kwa ajili ya mama ndio mjomba Masanja aliowatumia kumwoa mke wake. Hilo lilisemwa nyumbani mara nyingi, kama jambo la kujivunia. Sasa, ikiwa ng'ombe wanatakiwa kurudi, mjomba atawatoa wapi? Itabidi awadai kwa wakwe zake. Yaani mke wa mjomba naye atarudishwa kwao. Lakini wakwe zake nao hawakuwala wale ng'ombe; walimwozea kijana wao. Basi mke wa yule kijana naye atarudi kwao, na kwao watakuwa wameshawatumia ng'ombe kwa kaka yake. Nililala chali kwenye kivuli cha ghala nikauona wimbo wa mjomba unavyotembea: wanawake wa wilaya nzima wako barabarani na mabeseni kichwani, wengine wanatoka Maswa kwenda Bariadi, wengine wanatoka Bariadi kwenda Maswa, wanapishana na kusalimiana, mwadila mayu, mwadila, na katikati yao kundi moja la ng'ombe waliochoka ambao hawajui hatimaye ni wa nani. Na mwisho wa barabara sikuuona. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nilijaribu kumtafuta mtu wa kwanza kabisa, yule ambaye ng'ombe walianzia kwake, nikamkosa.

Siku zilizofuata baba hakusema kitu. Alikula, akashukuru, akatoka. Ulikuwa wakati wa kuchuma pamba, na nilimfuata mistari kadhaa nyuma, nimeinama ili asinione. Alikuwa anachuma kwa mkono mmoja. Mkono mwingine ulikuwa unapiga paja. Midomo yake ilicheza, akatikisa kichwa kama mtu aliyekataliwa, akaanza tena. Mara moja nilimsikia akitaja jina la mjomba, halafu akasimama katikati ya pamba akatazama mbali, kwa uso ambao niliuelewa moja kwa moja: anapanga maneno ya kusema mbele ya wazee.

Na mama naye alibadilika. Siku moja alikuwa anaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu, na shangazi, nami nikiwa nyuma ya ukuta, nikamsikia akisema kwa sauti ambayo haikuwa ya utani hata kidogo.

"Wifi, mzaha pembeni. Tangu Jumapili hajanisemesha neno la maana. Nahofia ule wimbo umemuumiza. Unajua ile siku ilivyomfanya."

Shangazi hakumjibu kwa kebehi. Aligeuza michembe, akasema, "Kaka yangu akiumia hanuni. Anaondoka, hata kama bado amekaa. Ngoja tuone."

Maneno yale yalinimaliza. Kama shangazi Minza, ambaye hakuwahi kukosa jibu, sasa anangoja aone, basi hakuna anayejua.

Kisha mambo yakaanza kwenda haraka. Nilirudi kutoka kisimani nikamkuta baba jikoni amepiga magoti mbele ya ngoma, anamtoa kuku. Alimtoa polepole, amemfunika mabawa kwa viganja, akamweka kwenye kikapu kibovu alichokitandikia majani, akahamisha mayai moja moja. Kuku alimdonoa, baba akamwomba radhi. Kesho yake ngoma haikuwepo. Ikaja ngozi ya ndama, ikalowekwa. Wakaja wanaume wawili wa umri wa baba, mchana, wakakaa naye nyuma ya ghala wakiongea chini chini, na nilipopita wakaacha kuongea. Nilijua hao ndio wazee wa kesi. Ngoma nilidhani imeuzwa, au imepelekwa kama ushahidi.

Jumamosi asubuhi mama alifunga mzigo. Si mkubwa: khanga mbili, nguo ya kanisa, mfuko wa michembe kwa ajili ya kwao. Alikuwa mkimya, anafanya kila kitu kama mtu aliyeambiwa "jiandae" na hakuambiwa zaidi. Baba alikuwa amevaa shati lake jeupe. Shangazi Minza alikuwa amekuja kuangalia mifugo.

Niliingia ndani nikachukua gauni langu la Jumapili na kijiko changu. Nilikuwa nimeshaamua. Walisema watoto ni wao, lakini mimi ningeenda na mama. Kijiko nilikichukua kwa sababu sikujua kama Kiloleli kuna vijiko vya kutosha, hasa mke wa mjomba akiondoka na vyake.

"Wewe unakwenda wapi na kijiko?" baba aliniuliza.

Nilikuwa nimejiandaa kusema jambo moja tu, kwamba naenda na mama. Badala yake kilichotoka ni kile kilichokuwa kimenikaba wiki nzima.

"Baba, mke wa mjomba akirudishwa kwao, watoto wake watakaa na nani?"

"Arudishwe na nani?"

"Na wewe. Ng'ombe wakirudi. Na yule wa kwao naye akirudi, na yule mwingine, halafu wa kwanza mimi simjui." Hapo nikaanza kulia.

Ilichukua muda kunielewa. Nilieleza barabara nzima, mabeseni yote, mpaka Maswa. Shangazi Minza ndiye aliyeelewa wa kwanza, akageuka ukutani na mabega yakaanza kumtikisika. Mama alimtazama baba. Namkumbuka mama alivyomtazama, kwa sababu hakuwa anacheka: alikuwa anangoja na yeye aone uso wa baba utafanya nini.

Uso wa baba ulivunjika. Alianza kama mtu anayekohoa, akashika nguzo ya mlango, akateleza taratibu mpaka akakaa chini na shati lake jeupe, akicheka bila sauti, machozi yanamtoka. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka hivyo. Nadhani mama alikuwa hajamwona muda mrefu.

"Njoo hapa, Kabula," alisema alipopata pumzi. "Mjomba wako ana watu wangapi wa kuwaimba? Wanunuzi wa pamba wapo, wenyeviti wapo. Amewaacha wote, amenihangaikia mimi wimbo mzima. Ningekuwa si kitu angeniimba ya nini?"

"Lakini ulizima redio," nilimwambia.

"Nilikuwa natafuta jibu, na yule kijana wa chuo alikuwa anaongea sana."

Mama alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. "Maduhu," alimwita, kwa jina lake, jambo ambalo halikuwa la kawaida mbele yetu. "Wiki nzima unanitesa kwa ajili ya wimbo?"

"Wimbo wangu ulikuwa unakatika mwishoni," baba alisema. "Umekaa sawa jana."

"Na mimi nitasema nini kwetu?"

"Utasimama upande wenu, ucheke umejiziba mdomo. Si ulishawahi?"

Shangazi Minza akageuka kutoka ukutani. "Haya ondokeni," alisema. "Na ng'ombe nitawahesabu mkirudi, wifi, usidhani kesi imeisha."

Uwanja wa Kiloleli ulikuwa umefagiliwa. Ngoma ya baba ilikuwa imetangulia na wale "wazee wa kesi," ambao kumbe ni wapigaji wake wa zamani, na ndio waliopeleka habari kwamba baba anakuja. Ilikuwa na ngozi mpya, imevutwa hata inalia ukiigusa tu kwa kidole. Vijana wa redio ya chuo walikuwepo tena na mashine yao, wamesimama katikati ya pande mbili, hawajui waelekeze wapi kile kitu chenye sifongo.

Pande zote zikaanza. Mimi nilimshika mama mkono na kuangalia miguu ya watu. Sikuangalia kitu kingine. Upande wa mjomba ulijaa haraka, vumbi likapanda. Kwa baba walisimama wachache, wengi wao wazee, na watoto. Mbwa mmoja alikuja akakaa. Nilitamani kumfukuza yule mbwa kwa mawe.

Baba hakupandisha sauti. Aliimba kama alivyokuwa anaimba kwenye pamba, mkono mmoja ukipiga paja, kisha akaipokea ngoma:

Masanja, nimechelewa, nilikuwa leba.
Mayai uliyoyaona yameanguliwa.
Vifaranga wametoka ndani ya ngoma,
wamezaliwa wakiusikia mdundo,
na yule mdogo kuliko wote, asiyejua kudonoa bado,
anaimba kukushinda wewe.

Watu wa karibu waligeuka. Walipogeuka wao, wakageuka wa nyuma yao. Mmoja akavuka, akaja mwingine. Lakini walio wengi walibaki kwa mjomba, na mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo kwa watakatifu wote niliowajua.

Halafu nikamwona mjomba Masanja ameacha kuimba. Alikuwa ameinua kichwa, ameelekeza sikio. Watu wake waliendelea kidogo peke yao, wakayumba. Mjomba akainua mkono kuwaambia ngojeni, na akaanza kutembea. Manju hatoki upande wake wakati wa mashindano. Ukitoka umeshindwa, na kila mtu pale uwanjani alilijua hilo, yeye kuliko wote. Alivuka uwanja mzima na manyoya yake kichwani na njuga miguuni zikimlia kwa kila hatua, na watu wake, wasijue la kufanya, wakamfuata. Alikuja akasimama mbele ya baba, akaweka mikono nyuma kama mtoto shuleni.

"Rudia pale pa vifaranga," alisema.

Baba akarudia.

Watu wa Bagika walimtukana mjomba mwaka mzima kwa jambo lile, na nasikia bado wanamtukana. Yeye hakujali. Wimbo ulipokwisha alimshika baba kichwa kwa mikono yote miwili na kukitikisa. "Shemeji, nimepiga kelele mpaka redioni," alimwambia. "Ulitaka nikuite kwa nini tena? Kwa ndege?"

Yule kijana wa Dar es Salaam alikuwa amekimbia na kundi, waya wa mashine unaburuzika nyuma yake. Alimsogelea baba akihema.

"Samahani, mzee. Na huu nao ni wa ufugaji?"

"Ndiyo, mwanangu," baba alisema. "Huu ni wa vifaranga."

Tulimsikia Jumapili iliyofuata juu ya kichuguu, kwa betri mpya, mara ya kwanza kuziona zikiwa bado kwenye karatasi yake. Shangazi Minza alisema kaka yake anasikika vizuri zaidi akiwa ndani ya redio kwa sababu humo huwezi kumwona. Mama alimjibu kwamba ukoo wao wote ungefaa kusikilizwa kwa njia hiyo. Nilikuwa nimekaa katikati yao, na kwa mara ya kwanza nilitazama vizuri: walikuwa wamelaliana mabega. Kuku aliangulia kikapuni. Hakuna mwanamke aliyerudishwa kwao.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayawaza na saa yangu mapajani. Nilijiambia kwamba baba akinyamaza si lazima iwe hasira. Kisha nikajiambia kwamba safari ile ilikuwa wimbo na safari hii ni kazi ya benki, na nikaanza tena kulipima lile "nimesikia." Nilinunua betri, nikaurudishia ukuta saa yake, na bado nilikuwa nalipima.

Leo mchana simu imelia mara moja, ujumbe wa sauti kutoka kwa namba ya baba. Sikuufungua haraka. Nilifagia chumba kwanza. Nilipoubonyeza nilisikia kuku kwa mbali, nikasikia kigoda kinaburuzwa, nikasikia mama akisema, "Bonyeza hapo hapo, usiachie," halafu ngozi ikapigwa mara mbili, na sauti ya baba, imezeeka kidogo, lakini ipo:

Nina kifaranga nilichokipeleka chuo kikuu.
Kimerudi kimesoma vitabu vyote,
kimenipigia simu, kinaniomba ruhusa ya kuimba.
Jamani, majirani, njooni mnisaidie:
kuna mtu alishawahi kuombwa ruhusa na kuku?

Nyuma yake nikamsikia shangazi Minza akicheka, halafu mama, kicheko cha mtu aliyejiziba mdomo kwa khanga.